Ujuzi Uliopatikana

Chuo kilinipa daftari la kijani lenye safu nne:
tarehe, kazi iliyofanyika, ujuzi uliopatikana,
sahihi ya msimamizi.
Mwisho kabisa nafasi ya muhuri, duara tupu
kama kisahani kinachongoja kikombe.

Barua nilipeleka sehemu saba.
Kiwanda cha saruji walisema nafasi zimejaa.
Bandarini mlinzi aliipokea, akajipepea nayo.
Idara ya maji wakasema: njoo Jumatatu,
hatulipi, hatulishi, uje na buti zako.

Buti nikaazima kwa mjomba, namba tisa,
mguu wangu saba, nikajaliza kwa matambara,
nikatoka Pongwe alfajiri kwa baiskeli
nikikariri njiani: kipenyo, kasi, mgandamizo.

Wiki ya kwanza nilichemsha chai.
Niliandika: *Utunzaji wa mazingira ya kazi.*
Wiki ya pili nilichimba Barabara ya Kumi na Nane,
kifusi na matumbawe, viganja vikaota malengelenge.
Niliandika: *Matumizi sahihi ya vifaa.*

Wiki ya tatu Fundi Sengasu ndipo aliponiona.
Mtu wa maneno ya kuhesabu, sikio la kushoto limekufa
(pampu, alisema, hakuongeza).
"Hiza, leo usiku tunakwenda kusikiliza."

Saa nane usiku, Makorora imelala.
Akasimika chuma chembamba juu ya vali,
akaegesha sikio lililo hai kwenye ncha,
akafumba macho kama mkunga.
Kisha akanipa mimi.
"Nini?"
"Kimya."
"Rudia."
Nikarudia. Baridi ya chuma, mfupa wa shavu,
halafu, chini ya vumbi, chini ya lami,
sss,
kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu.
"Sikio halilali njaa," akasema. "Tumbo lako shauri yako."

Wiki ya sita chuma kikatufikisha
penye mvujo usio mvujo:
mpira mweusi, umefukiwa vizuri, kazi safi kuliko yetu,
unapita chini ya ukuta hadi kwa Mwanjaa Kombo,
auzaye maji ndoo kwa ndoo, na sambusa,
ambaye kila asubuhi alinimiminia chai ya tangawizi
na kuisukuma hela yangu: "Mwanafunzi halipi."

Fundi akachuchumaa, akajipangusa jasho.
"Daftari ni lako. Andika ulichosikia."

Nikakaa na kalamu mpaka adhana.
Kitabu cha chuo kina sura ya msuguano wa maji bombani,
hakina sura ya Mwanjaa.
Niliandika mpira, upana wake, kina chake.
Kulipokucha nikapita kwake kabla ya gari la idara,
nikamwambia linakuja.
Alinitazama tu, akazifunika sambusa.
Chai sikunywa, wala hakunipa.
Mpaka leo sijui yale mawili niliyafanya
kwa ukweli au kwa woga.

Mhadhiri alikuja wiki ya nane, dakika kumi,
akasimama kivulini asichafue viatu,
akauliza kanuni ya mtiririko. Nikaitaja.
Akafunua daftari, akakuta katika safu ya tatu
neno moja, peke yake: *Kusikia.*
Akalikata kwa wino mwekundu. "Si kitaalamu."
Juu yake akaandika: *Ubainishaji wa upotevu wa maji.*
Sabini na mbili kwa mia.

Fundi aligonga muhuri, ukakaa upande.
Nasaha hakunipa. Alinipa chuma chake cha zamani,
kimepinda ncha,
akasema buti za watu nirudishe.

Cheti kimo ndani ya bahasha, bahasha juu ya kabati.
Barua sasa nimepeleka sehemu kumi na moja.
Ila nikipita Makorora nashuka kwenye baiskeli,
napiga goti mchana kweupe, shavu juu ya chuma,
na wapita njia husimama, wakauliza
nimeangusha nini.